Mpigaji wa Kwanza Aliyehamia Timu Mbovu

Kaka yangu mkubwa alimzika mchezaji yule saa nane na robo mchana, Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, kikombe cha kahawa mkononi na halua mdomoni.

"Huyo keshakwisha," alisema. "Wamempeleka timu mbovu. Mtu asijipotezee chaguo lake."

Waliokuwa majlis, sebule yetu ya kupokelea wageni, wote wakatikisa vichwa: wadogo zetu, binamu zetu, na watoto wao waliokwisha kuota ndevu na kupata kazi za serikali. Mimi peke yangu sikutikisa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimeshakasirika kwa jambo jingine, na nikikasirika huwa nasikia vizuri zaidi.

Kwa asiyejua, nieleze tulikuwa tunafanya nini. Kaka alikwenda Marekani kusomea uhandisi, akarudi Maskati na shahada, kofia mbili na maradhi ya besiboli. Alikuja na sanduku zima la kanda za video. Wakati ule mimi nilikuwa msichana wa nyumbani ninayengoja kuingia chuo cha ualimu, na ni mimi tu niliyeweza kukaa saa tatu kutazama wanaume wamesimama, wanajikuna, wanatema mate, halafu ghafla wote wanakimbia. Alinifundisha kuandika mchezo mzima kwenye daftari, pigo kwa pigo. Miaka mingi baadaye, simu zilipoanza kuwa na akili, akaanzisha ligi ya fantasi ya wanaume wa ukoo. Kila mtu anachagua wachezaji wa kweli kutoka timu za kweli za huko Marekani, anaunda kikosi chake kwenye simu, na wanachokifanya kule viwanjani kinahesabiwa kwako hapa. Sikuitwa. Nami sikuomba, maana nina kiburi changu. Nilikuwa nawapelekea kahawa na kuwasahihisha kutoka mlangoni.

Mwaka ule binamu mmoja alijitoa, wakabaki tisa, na ligi yetu inataka kumi. Mama yetu amepita miaka themanini na neno lake nyumbani halikatiwi rufaa. Akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mwekeni dada yenu. Huo mpira wenu anaujua kuwashinda nyie nyote."

Kaka akakubali, lakini kwa sharti. Mwaka mmoja wa majaribio. "Ukishika mkia, mwanakwetu, khalas. Mwakani nafasi ntampa mkwe wangu." Mkwe wake alikuwa hajui besiboli na kriketi zinatofautiana vipi, ila alikuwa mwanamume na alikuwa anangoja. Nikasema sawa. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini moyoni niliapa kwamba kiti kile, nikishakikalia, hakuna mkwe wa mtu atakayenitoa.

Sasa jambo lililonikasirisha. Kwingine mpangilio wa kuchagua wachezaji hupigiwa kura. Kwetu mkubwa huchagua kwanza, kisha anayemfuata kwa umri, mpaka mdogo kabisa, kwa sababu hakuna kijana atakayethubutu kumnyang'anya ami yake mchezaji hadharani. Kwa umri mimi ni wa tatu. Kaka akaisoma orodha, na mimi nikawa wa kumi, chini ya kijana ambaye ni mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. "Wewe mgeni," akasema. Mgeni! Ndani ya nyumba yetu ya Al-Khoudh, ninayolala kila siku na ambayo bomba likivuja ni mimi ninayemwita fundi!

Na heshima hiyo ya umri ina sheria yake ya pili, ambayo haijaandikwa popote. Mkubwa akimsifu mchezaji, wadogo humwachia. Akisema mchezaji kwisha, hawamgusi vilevile, maana kumchagua ni kumwambia mkubwa mbele za watu kwamba hajui. Ndiyo maana raundi zilipita, ya tano, ya saba, ya tisa, na mtu yule niliyemtaka mimi akabaki pale kwenye orodha hana mwenyewe.

Alikuwa mpigaji wa kwanza. Katika besiboli wapigaji tisa wanapangwa kwa zamu: wa kwanza mpaka wa tisa, kisha zamu inarudi mwanzo. Wa kwanza ndiye anayepata zamu nyingi kuliko wote. Kazi yake ni kufika kwenye besi, vile vituo vinne vya uwanjani, kwa njia yoyote, kwa kupiga, au kwa kuvumilia mipira mibaya anayorushiwa mpaka apewe njia ya bure. Akishafika, anawangoja wenye mabavu walio nyuma yake wapige mbali ili azunguke besi zote arudi nyumbani. Akirudi, huo ni mzunguko mmoja, na kwenye fantasi mzunguko ni mali. Kwa hiyo kaka hakusema upuuzi. Mpigaji wa kwanza anaishi kwa walio nyuma yake, na huyu alikuwa ametolewa kwenye timu ya mabingwa, akapelekwa timu ambayo hata wenyeji wake wanaionea haya.

Lakini mimi nilikuwa nimemfuatilia. Kule kwa mabingwa walikuwa wamemshusha kwa miaka miwili. Watu bado walimwita mpigaji wa kwanza, kumbe alikuwa anapiga wa nane, wa tisa, na siku nyingine hapangwi kabisa. Tena alikuwa amekatazwa kukimbia. Kuiba besi, yaani kuchomoka kwenda besi ya mbele wakati mrushaji wa wapinzani anarusha mpira, ndiko kulikompa jina ujanani mwake. Wakubwa wa timu ile hawakutaka ahatarishe. Tulia hapo, watakuja wenye mabavu wakurudishe. Kule alikokwenda wenye mabavu hawakuwepo, kwa hiyo anayetaka kurudi nyumbani itabidi ajikimbize mwenyewe. Na msimu ule sheria zilikuwa zimebadilishwa: besi zimekuzwa, mrushaji amebanwa, mwenye mbio amefunguliwa mlango.

Watu wakisikia mchezaji amehama, huuliza kaenda timu gani, kisha wanafunga mjadala. Mimi nilitaka kujua atapiga wa ngapi, na kama watamwacha akimbie.

Nilijua kuuliza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimehamishwa. Kwa miaka kumi na tisa nilifundisha hesabu kwenye skuli kubwa ya wasichana mjini, yenye jina, ambayo watu huwataja binti zao kuwa wanasoma pale kabla hujawauliza. Walimu wa hesabu tulikuwa kumi na wanne. Madarasa mazuri yalikuwa na wenyewe. Mimi nilipewa darasa la saba mwaka baada ya mwaka, na vipindi vya kuziba pengo la walioumwa. Mwezi wa Agosti, kabla ya msimu ule, ikatoka orodha kwamba tumezidi, na nikaambiwa nimepangiwa Yiti, skuli ndogo upande wa bahari, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka nyumbani.

Ukoo mzima ulinipa pole kana kwamba nimefiwa. Shangazi zangu walipiga simu. Kaka akasema ana mtu ofisini anayeweza kunirudisha mjini, niwe na subira. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ntafundisha nini. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeumia na nina kiburi, sikumwambia mtu kwamba siku ya kwanza mwalimu mkuu wa Yiti alinipokea mlangoni, akatazama vyeti vyangu, akasema walimu wa hesabu ni watatu tu hapa, ustadha, na darasa la kumi na mbili lote ni lako. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikilingojea darasa la kumi na mbili. Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari, nikalia kwa furaha, nikajipangusa, nikarudi.

Basi raundi ya kumi na moja ilipofika zamu yangu, nikamtaja mpigaji wa kwanza aliyehamia timu mbovu. Majlis nzima ikacheka. Kaka akaweka kikombe chini.

"We bibi, unachukua maiti?"

"Akifa ntamzika mwenyewe. Niandikie."

Akaandika. Mdogo wetu wa mwisho akamuombea marehemu rehema, wakacheka tena.

Na wallahi walicheka kwa wiki saba. Katika ligi yetu kila wiki unapambana na mtu mmoja, mnashindana mambo tisa, kama mizunguko na kuiba besi, na wiki saba za mwanzo nilishindwa zote. Mtu wangu alikuwa hapigi. Niliamka alfajiri, nikaswali, nikafungua simu, nikakuta sifuri. Nikaendesha mpaka Yiti, nikaegesha mbele ya geti, nikafungua tena, sifuri ileile. Kwenye kundi letu la WhatsApp mdogo wetu aliandika kwamba dada mchana anafunga na kila wiki anafungwa, na watu wakaweka vikatuni vya kulia machozi ya kicheko. Sikujibu. Nilikuwa na majibu, lakini mtu wa mkiani akijibu huonekana kapayuka.

Iddi ilipopita, kaka alinifuata uani ninaanika nguo. "Nipe huyo mtu wako," akasema, "nami nikupe mrushaji wangu wa tatu. Angalau upumue."

"Kwani si keshakufa? Wa nini kwako?"

"Nakuhurumia, dada. Sitaki ushike mkia."

Nasema kweli, nilitaka kukubali. Mrushaji wake alikuwa mzuri, na mkwe wake alikuwa ameshaanza kuuliza maswali mezani. Nilimwambia anipe mpaka kesho, na jioni ile nikakaa kuzitazama video za mtu wangu, zamu moja baada ya nyingine. Nikaona alichokuwa anafanya. Alikuwa anaupiga kila mpira. Mzuri, mbaya, wa juu, wa chini, anaurukia. Alikuwa anajaribu kuibeba timu mbovu nzima kwa mikono yake miwili, kila siku, kabla ya saa ya kwanza kuisha.

Niliifahamu ile haraka. Mwezi wangu wa kwanza Yiti nilitoa mitihani kila siku, nikaongeza vipindi, nikawachosha wasichana mpaka wakawa wakiniona wanainama. Mwalimu mkuu akaniita na kuniambia nipunguze, hakuna anayenifukuza. Nikapunguza, na mambo yakakaa sawa. Nikajua na huyu atapunguza. Asubuhi nikamwambia kaka hapana, ahsante.

Katikati ya mwezi wa Mei akaanza kutulia. Akaacha mipira mibaya ipite, akapewa njia za bure, akafika besi ya kwanza, na akishafika pale alikuwa hakai. Kila siku alipangwa wa kwanza. Kila siku! Mizunguko yake ilipungua kweli ukilinganisha na alipokuwa na mabingwa enzi zake nzuri, kaka hapo alikuwa sahihi na nilimwambia hivyo. Lakini zamu zilikuwa nyingi, na wizi ulikuwa mwingi kuliko wa mtu yeyote katika ligi yetu. Kila wiki jambo moja kati ya yale tisa lilikuwa langu kabla sijaanza. Mengine nikayachimba kwa watu ambao wenzangu waliwatupa. Nikaanza kushinda. Likizo ya kiangazi ilipofika, joto la Maskati likatufungia ndani, nami nikawa naamka na raha kama mtoto wa Iddi.

Shimo la wiki saba lilikuwa refu, hata hivyo. Nilipanda, lakini na wa mkiani wenzangu nao walipanda. Wiki ya mwisho, mwisho wa Septemba, hesabu ikakaa hivi: mimi bado ni wa kumi, na ninapambana na kaka. Yeye akinishinda, anachukua ubingwa. Mimi nikimshinda, natoka mkiani na kiti kinabaki changu. Tukienda sare, mimi nimekwisha.

Ligi yetu ina utaratibu ambao sidhani kama upo popote. Wiki inafungwa Alhamisi usiku kwa saa za Marekani, ambayo kwetu ni Ijumaa asubuhi, ili kaka ayasome matokeo baada ya swala ya Ijumaa, chakula kikiwa kimepakuliwa. Kwa hiyo Ijumaa ile saa mbili unusu asubuhi nilikuwa jikoni nakata vitunguu vya biriani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la samli, na kaka yuko majlis anatazama mchezo uleule kwenye televisheni. Tulikuwa nne kwa nne. Jambo la tisa lilikuwa kuiba besi, na hapo tulikuwa sawasawa.

Hapo ndipo nilipoona jinsi kaka alivyojiponza. Alikuwa amejaza kikosi chake watu wa timu kubwa, ambazo zimeshapata nafasi zao za kuendelea na ubingwa. Timu kubwa ikishajihakikishia nafasi, huwapumzisha nyota wake. Siku tatu watu wa kaka walikuwa wamekaa benchi wanatafuna mbegu, wanacheka na kupigana mabega. Asubuhi ile hakuwa na hata mmoja aliyebaki uwanjani. Timu ya mtu wangu haikuwa na cha kupumzikia. Ilikuwa imeshatolewa siku nyingi, na yeye alikuwa amepangwa wa kwanza, jezi imechafuka kuanzia magotini mpaka kifuani.

Raundi ya nane ya mchezo, kati ya tisa, zamu yake. Mpira mbaya, akauacha. Wa pili, akauacha. Nikaacha kisu. Akapewa njia ya bure, akatembea mpaka besi ya kwanza, akafunga vizuri glovu zake. Uwanja mzima ulijua atakimbia. Mrushaji alijua. Akamtupia mpira mlinzi wa besi mara moja ili kumtisha mtu wangu, akamtupia mara ya pili, na kwa sheria mpya vitisho vyake vikawa vimekwisha.

Akachomoka.

Vumbi. Mlinzi akamgusa na mpira, na kama ni kabla hajafika besi, ametoka. Mwamuzi akasimama juu yao kimya, muda ambao mimi naweza kuapa ulikuwa mrefu kuliko Ramadhani nzima, kisha akafungua mikono yote miwili. Salama!

Nilipiga ukelele ambao haufai kwa mwalimu wa umri wangu. Nikapiga kifijo, nikapiga meza, vitunguu vikamwagika sakafuni. Mama akaita kutoka chumbani kwake, "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama! Kaiba!"

"Alhamdulillahi," mama akajibu, bila kujua nani kaiba nini.

Mchezo ukaisha. Tano kwa nne. Simu ikalia, ujumbe kutoka kwa yule kijana niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, mtoto wa mdogo wangu, ambaye kushindwa kwa kaka kulikuwa kumemfanya yeye bingwa. "Shangazi, hongera. Mie nilimtaka yule tangu raundi ya tano. Lakini ami alishasema kwisha, ningefanyaje?" Nikacheka peke yangu. Watu tisa, na Mungu ndiye ajuaye wangapi walikuwa wanamtaka, wote wamekaa na adabu zao wakimwangalia akipita.

Kisha kaka akaja jikoni. Kaka haji jikoni. Alisimama mlangoni na dishdasha yake nyeupe ya Ijumaa, akaangalia vitunguu vilivyokuwa sakafuni, akaniangalia mimi.

"Umenikosesha ubingwa."

"Nimekukosesha."

"Na kiti ushakipata. Mkwe wangu ntamwambia mwenyewe." Akasugua ndevu zake. "Lakini ulijuaje? Mimi huu mpira nimeutazama miaka arubaini."

"Sikujua, kaka. Niliuliza tu atapiga wa ngapi. Nyie nyote mliuliza kaenda wapi."

Nilidhani ataondoka. Nilikuwa nimejiandaa aondoke, nimeshashika kisu niendelee na kazi, na ushindi wangu ulikuwa unanitosha kabisa. Badala yake akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na friji, akakaa, na pindo la dishdasha likagusa maganda ya vitunguu.

"Na wewe huko Yiti," akasema taratibu, "wamekupa darasa gani?"

Mwaka mzima na zaidi ulikuwa umepita. Nilikuwa nimekula naye meza moja kila siku. Ikabidi ninywe maji kwanza.

"La kumi na mbili, kaka. Lote."

"La kumi na mbili?" Akakaa sawa. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza niliyofika."

"Na hukutwambia?"

"Hamkuniuliza."

Akainamisha kichwa, akakinyanyua. "Haya," akasema. "Sasa nakuuliza. Nambie."

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya wasichana wangu, na yule aliyekuwa akilia mbele ya ubao ambaye sasa anasomea uhandisi, na mwalimu mkuu, na barabara ile asubuhi jua linapochomoza mlimani, na namna ninavyoingia darasani nikijua hakuna mwingine anayengojewa pale isipokuwa mimi. Kaka alisikiliza yote, anauliza, anarudia kuuliza. Adhana ya Ijumaa ikatukuta tungali tunazungumza, na biriani haijainjikwa jikoni. Chakula kilichelewa sana siku ile.